"Utafuteni kwanza": hiyo "kwanza" inaonekana saa gani?

Mama wa Soko la Virunga (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Goma na kwingine. Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha.

Mateo 6:33 naijua kwa kichwa tangu shule ya Jumapili. "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa." Nimeifundisha watoto wangu, nimeisema kwenye shirika letu la mtaa, nimeisikia kwenye mazishi na kwenye arusi. Kama mngeniuliza kabla ya Mei 2021 ni kitu gani cha kwanza maishani mwangu, ningejibu bila kumeza mate: Mungu. Na ningeapa.

Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi. Wengi wenu mnaikumbuka. Giza lilikuwa linaingia, anga upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, likawa jekundu, watu wakaanza kupiga kelele kwamba mlima umepasuka. Sisi tunakaa Majengo, na ukikaa Majengo huna muda wa kuuliza maswali. Mume wangu alikuwa safarini. Niliwabeba watoto, yaani mdogo mgongoni na wakubwa wawili mbele yangu, halafu nikarudi ndani. Nilirudi kuchukua mfuko wa pesa ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, maana zamu ilikuwa imenifikia wiki ile, na furushi la vitenge vipya ambavyo sijamaliza hata kuvilipa. Nikavifunga, nikavibeba, tukashuka na umati kuelekea mpakani.

Njiani kutoka kwangu kuna mlango wa bibi mmoja, mjane, anaishi peke yake, miguu yake haina nguvu. Ni yeye aliyenipokelea mtoto wangu wa pili usiku ule motari, yule wa pikipiki, alipochelewa. Nilipita mbele ya mlango wake. Nakumbuka niliuona. Nakumbuka niliwaza, "Nikigonga, nitamshika kwa mkono gani?" Mkono mmoja ulikuwa na mtoto, mwingine ulikuwa na vitenge. Sikugonga.

Bibi hakufa. Vijana wa mtaa walimtoa. Asubuhi tukasikia lava imesimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na nyumba zetu zimebaki. Kisha zikaja siku za matetemeko, na tarehe 27 tukaambiwa tena tuondoke, tukaenda Sake kwa mguu. Mengi yalitokea. Lakini mimi tangu usiku ule najua kitu kimoja kunihusu: mikono yangu ilijibu swali kabla mdomo haujaulizwa.

Baba yangu alipoteza duka tarehe 17 Januari 2002. Lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na duka likabaki chini yake. Hadi leo tukipita pale ananionyesha kwa fimbo: kaunta ilikuwa hapa, mlango ulikuwa kule. Anasimama juu ya mawe meusi na anaelekeza chini. Kwa hiyo si kwamba sikufundishwa. Mji huu unatufundisha kila baada ya miaka michache kwamba vitu vinakwenda. Sasa tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, hata wale waliodhani wameweka mahali salama wamejifunza.

Swali langu ni hili. Nasali. Natoa sadaka. Sikosi ibada. Lakini hiyo "kwanza" ya Yesu inakaa wapi kwa mtu anayeamka saa kumi kutafuta chakula cha watoto? Ni saa ngapi mtu anajua kwamba ameitii au ameivunja?

---

Kijana wa Ndosho

Mama, pole sana, na aksanti kwa kusema ukweli. Lakini niruhusu niseme na mimi ukweli wangu.

Nina diploma ya chuo. Nina miaka 29. Kazi sina. Nabeba makala, yaani makaa ya kupikia, kwa chukudu ya mjomba wangu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na siku nyingine hakuna hata makala ya kubeba. Jumapili nasikia mahubiri kwamba tusipende mali. Mali gani, Mama? Mimi sijawahi kuishika nikaipenda. Naona maneno haya yanawafaa watu walioshiba. Ukimwambia mtu mwenye njaa atangulize mambo ya roho, unamfunga mdomo tu asilie.

---

Shujaa wa Baraka

Kijana, tatizo lako ni imani. Neno linasema "mtazidishiwa". Hiyo ni ahadi. Mtangulize Mungu kwa mbegu yako, hata kama ni ya mwisho, na utaona gari, nyumba, kazi, vyote vinakufuata. Mimi nimeshuhudia watu. Malaki 3:10, ile ya zaka, haijafutwa.

---

Mjane wa Mabanga

Ndugu Shujaa, nakuheshimu, lakini mbegu ya mwisho mimi nilishaipanda. Ilikuwa minervali, ada ya shule, ya mtoto wangu wa kwanza. Niliambiwa mlango utafunguka kabla ya mwezi kuisha. Mtoto alirudishwa nyumbani katikati ya muhula, akakaa mwaka mzima. Sitataja kanisa, na simchukii mtu. Mungu sikumwacha. Lakini kijana huyu usimwambie hivyo.

---

Mwalimu wa Katindo

Nimefundisha somo la dini miaka mingi, naomba nifungue Biblia kidogo hapa, maana tunaipokea aya moja na kuiacha sura nzima.

Ndugu Shujaa, "hayo yote" ni yapi? Yesu ameyataja yeye mwenyewe mistari miwili nyuma: mtakula nini, mtakunywa nini, mtavaa nini. Ni hayo. Hakuna gari pale. Aliyeahidiwa kuzidishiwa ameahidiwa sahani, kikombe na nguo. Ukiongeza nyumba ya ghorofa kwenye sentensi ya Bwana, hiyo ghorofa ni yako, si yake.

Na wewe kijana wa Ndosho, mwanangu, sikubaliani nawe kwamba maneno haya ni ya walioshiba. Watu waliokaa pale mlimani kumsikiliza walikuwa wavuvi na vibarua wa siku. Katika sura hiyohiyo amewafundisha kuomba riziki ya leo. Mtu mwenye ghala haombi riziki ya leo. Yesu mwenyewe alikua katika nyumba ya seremala, na Paulo alishona mahema Korintho ili asimlemee mtu. Kutafuta chakula hakujawahi kuitwa dhambi. Neno ni "kwanza", halikuwa "peke yake". Mahubiri mengi yanapotea hapo: wengine wanalifanya kuwa "peke yake", wanawaacha watoto na njaa kwa kesha la siku saba, na hao Paulo aliwaambia kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Wengine wanalifanya kuwa "kisha", yaani nitafute kwanza, nikishapata nitamtumikia Mungu. Hao ndio wengi. Na mimi nimekuwa miongoni mwao.

---

Kijana wa Ndosho

Nimekusikia, Mwalimu. Bado sijatulia, lakini nimekusikia.

---

Msema Kweli

Mlima ulishasema yote mwaka 2002. Wale waliokwenda kuchota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava, kikalipuka, si tamaa ile? Mali iliwaua.

---

Mwalimu wa Katindo

Ndugu, hapana. Hapa nitakuwa mkali. Nilikuwepo. Mji ulikuwa umeungua, watu hawana sufuria wala mahali pa kulala, na lita chache za mafuta zilikuwa chakula cha siku mbili. Walipomletea Yesu habari za watu waliokufa vibaya, yeye mwenyewe aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote. Akajibu: sivyo. Watu wale wana watoto katika mji huu, na pengine wanasoma uzi huu. Tuendelee na mambo yetu.

---

Wa Makaratasi ya Mpakani

Nimekuwa msomaji tu, leo naingia.

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo pale mpakani. Mama ameuliza "saa ngapi". Mimi nitajibu kwa mtu ambaye wote hapa mnamfahamu, maana ni mtoto wa mji wetu: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi OCC, ile ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia. Kwa vijana wenye diploma hiyo ni kazi ya kuombewa na ukoo mzima. Julai 2007 alikataa kupitisha vyakula vilivyoharibika. Wenye mzigo walimletea pesa, akakataa. Akatekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Alikuwa wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na alikuwa anawafundisha maibobo, wale watoto wa barabarani ambao sisi tunawafukuza mbele ya maduka.

Sasa angalieni jambo hili. Hakuuawa kwa sababu alikuwa anasali. Angesali asubuhi na jioni na kupitisha mzigo mchana, angekuwa hai, angekuwa na nyumba Himbi, na angekuwa mzee wa kanisa tunayemsimamia akiingia. Kusali hakukumgharimu. Kilichomgharimu ni kwamba alichokiomba asubuhi hakukiacha nyumbani alipoenda kazini. Chakula kile kingeliwa na watu. Pengine na mimi. Pengine na Mama na watoto wake.

Papa Fransisko alipokutana na vijana Kinshasa mwezi wa pili mwaka 2023 alimtaja kwa jina. Nilikuwa naangalia kwenye simu, mezani kwangu, huku mteja amesimama mbele yangu anataka niandike uzito pungufu kwenye karatasi.

Siwaambii hili nionekane mtakatifu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika karatasi kama hiyo mara nyingi. Siku ile sikuandika. Mteja akaondoka na wenzake wawili wakamfuata. Miezi saba tulikula mara moja kwa siku. Mke wangu hakunilaumu, ila aliuza cherehani yake, na ile cherehani bado sijamrudishia. Kwa hiyo ndugu Shujaa, sijazidishiwa gari. Tulizidishiwa sombe, yaani kisamvu, na ugali, na kila siku vilikuwepo. Hiyo ndiyo habari yangu yote.

---

Shujaa wa Baraka

Nimesoma mara mbili, Papa wa Mpakani. Sina la kuongeza kwa sasa.

---

Binti wa Kadutu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Papa wa Mpakani amenikumbusha wetu. Askofu Mkuu Munzihirwa angeweza kuondoka mji ulipoanza kuingiliwa. Alibaki, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Bibi yangu anasema alikuwa anavaa kama mtu wa kawaida na kula kile ambacho watu wanakula. Watu kama hao walikuwa wepesi. Hawakuwa na mengi ya kufunga kwenye furushi.

Lakini nauliza jambo la kike kidogo. Wanaume wanakufa kishujaa na wanatangazwa. Sisi ambao hatuletewi rushwa, sisi wa sokoni na jikoni, "kwanza" yetu iko wapi? Mama wa Virunga, wewe unasema nini baada ya kusoma yote haya?

---

Mama wa Soko la Virunga (mwanzisha uzi)

Binti yangu, umeniuliza swali nililokuwa nalikimbia.

Nimesoma kila neno. Mwalimu aliposema "kwanza" si "peke yake", nililia. Miaka minne nimekuwa nikidhani dhambi yangu ni kwamba nauza, kwamba napenda pesa, na dawa ni kuongeza kesha. Nimeongeza. Kuna wiki nimekesha mara tatu, nikawa nasinzia mezani.

Lakini niliposoma habari ya Floribert nikarudi kwenye ile aya, na nikaona maneno mawili ambayo huwa tunayameza: "na haki yake". Ufalme wake *na haki yake*. Tunaimba ufalme. Haki tunairuka.

Sasa niwaambie kuhusu kopo langu.

Nauza maharagi. Vitenge nilishaacha. Sisi tunaouza nafaka tunapima kwa kopo, na wengi wetu tunalipiga kopo kitako kwa nyundo, taratibu, mpaka kiingie ndani. Mteja akiangalia kutoka juu anaona kopo limejaa. Kila mtu anafanya. Nililikuta hivyo kwa aliyenifundisha biashara, na sikuwahi hata kuliita wizi. Gunia ambalo kwa kopo zima linatoa makopo 63, kwa kopo lililopigwa linatoa 70. Makopo saba. Hayo saba ndiyo sadaka niliyokuwa natoa Jumapili, ndugu zangu. Nimepiga hesabu jana usiku nikiwa nimekaa kitandani. Nilikuwa namletea Mungu maharagi ya mama fulani ambaye watoto wake walipungukiwa mchana.

Na kuna mahali katika nabii Amosi, sura ya 8, watu wanangoja sabato iishe ili wafungue ngano waiuze, huku wakipunguza kipimo. Nilikuwa naisoma kama habari za Wayahudi wa kale. Walikuwa wamekaa kwenye ibada na mioyo iko kwenye kopo.

Kwa hiyo binti yangu wa Kadutu, rushwa hatuletewi, ni kweli. Sisi tunajiletea wenyewe, kidogokidogo, kwa nyundo.

Jumatatu nilinunua kopo jipya. Jirani yangu wa meza aliniangalia, akasema, "Utaharibu soko." Nikamwambia sitamwambia mteja yeyote habari za kopo lake. Zakayo alirudisha mara nne, lakini yeye aliwajua aliowadhulumu. Mimi siwajui. Nimeamua kila kopo naongeza kiganja cha matabishi, nyongeza ya bure, bila kuuliza mtu. Wiki hii faida imepungua, na kodi ya meza iko palepale. Mume wangu anajua. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema tutapunguza nyama. Nyama yenyewe ni ya Jumapili tu.

Sijui nitashikilia mpaka lini. Naomba mniombee kwa hilo, si kwa utajiri.

---

Kijana wa Ndosho

Mama, mjomba wangu ana chukudu na safari za kutoka stoo hadi sokoni ninazifanya mimi. Gunia zako nitazibeba kwa nusu ya bei mpaka hali itulie. Usibishe.

---

Mjane wa Mabanga

Mimi nanunua maharagi Jumamosi. Niambie tu meza iko upande gani. Na kijana wa Ndosho, ukipita Mabanga ugonge, kuna sombe.

---

Wa Makaratasi ya Mpakani

Mama, tafadhali nikuulize jambo moja, na kama ni gumu usijibu. Yule bibi wa mlangoni. Ulishawahi kumwambia?

---

Mama wa Soko la Virunga (mwanzisha uzi)

Papa, nimekaa na swali lako siku mbili.

Miaka minne nimempelekea maharagi, sabuni, nimempelekea mtoto wa kumchotea maji. Sikumwambia. Nilikuwa nalipa bila kutaja deni.

Jana baada ya soko nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, anachambua mboga. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu: mfuko, vitenge, mkono uliokuwa umejaa, na kwamba niliuona mlango wake nikapita.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nilikusikia, mwanangu. Kandambili zako nazijua. Nilisikia umesimama kidogo."

Sikujua kwamba nilisimama. Naapa sikujua.

Akaniambia niwashe babula, jiko lake la makaa, giza linaingia na yeye bado hajala. Nikawasha. Tulipika mboga ile na maharagi niliyobeba, nikala kwake, nikachelewa kurudi nyumbani.